Huyu Mzee Anasema Yeye Ni

Kule Tabaka wanaume huchonga mawe na wanawake huyasugua. Mwanamume akionekana ameketi mbele ya karai la maji, msasa mkononi, wapita njia husimama wakamtazama kama wanaotazama mbuzi juu ya paa. Mimi nilikaa mbele ya karai hilo muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote tangu niache shule, na nikikumbuka bado nacheka.

Nilifika pale kama ninavyofika kila mahali, kwa kutaka kuona tu. Kwetu ni upande wa Nyamira, mbele kidogo ya Ekerenyo, kwenye majani chai na migomba. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili, shule ya kutwa. Hakuna aliyenifukuza. Asubuhi moja nilisimama njiani kutazama trekta likivuta lori kutoka mtaroni, nikataka kujua mnyororo ule umefungwa wapi, dereva akaniambia panda uone, nikapanda. Tangu siku hiyo nimechuma chai Magwagwa, nimeosha pikipiki, nimepakia ndizi, nimemshikia vyuma fundi wa kuchomelea mpaka macho yakaniwasha. Kote ninakopita nauliza maswali, watu wanachoka, au nachoka mimi kwanza, nahama.

Tabaka nilianza kwa kumuuliza mchongaji mmoja kwa nini jiwe la bonde hili ni jeupe na la bonde lile lina wekundu. Akanijibu. Nikamuuliza kwa nini la wekundu ni gumu. Akanijibu. Nilipofika swali la tatu akaweka patasi chini.

"Momura," akasema, maana ndivyo vijana wa kwetu wanavyoitwa, "wewe una mikono ama una mdomo peke yake?"

Akanipa jiwe na kisu nijaribu. Ndovu wangu wa kwanza alitoka bila mkonga. Wa pili alitoka bila kichwa. Akanielekeza kwenye banda la wanawake, nikawatekee maji.

Banda lenyewe lilikuwa mabati juu ya nguzo, wazi pande tatu, na upande wa nne ukuta wa stoo. Wanawake waliketi kwenye vigoda, kila mmoja na karai lake, wakisugua twiga na mabakuli ndani ya maji mpaka yateleze kama sabuni. Aliyewaongoza nitamwita mama wa karai kubwa, kwa sababu karai lake lilikuwa kubwa kuliko yote na hakuna aliyethubutu kuligusa. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mtu wa Sabato, na jicho lake lilikuwa kali ajabu. Jiwe likipasuka, mchongaji mwenye haraka huchukua unga wa jiwe akauchanganya na gundi, akaziba ufa. Likiwa kavu huoni kitu. Likiingia majini, pale palipozibwa panabaki na rangi yake. Basi mama huyo angechovya twiga mara moja, amgeuze, aseme kwa upole, "Gundi," na twiga angerudishwa kwa mwenyewe huku banda zima likicheka.

Neno hilo lilikuwa limehama kutoka kwa mawe likaingia kwa watu. Mwanamke akisimulia kwamba mume wake jana aliosha vyombo bila kuambiwa, wenzake wangeinua misasa juu: "Gundi!" Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa dada mmoja aliyekaa karibu na nguzo, mwenye kicheko cha kuvunja vyungu. Huyo ndiye aliyenipokea siku ya kwanza.

"Tumeletewa mume wa karai," akasema. "Mtu wa Nyamira. Huko kwenu wanaume wanasugua nini?"

"Sufuria," nikasema.

"Gundi!"

Asubuhi niliteka maji na kusugua nao; mchana kazi yangu ilikuwa kufunga. Mwenye banda, mfanyabiashara mnene aliyependa kutembea na simu mbili, alinunua karatasi kuukuu kwa uzito: magazeti, mitihani ya zamani, vitabu vya shule visivyo na majalada. Kila twiga alizungushiwa karatasi, akalazwa kwenye kasha, akapelekwa ng'ambo. Nilikuwa mzito wa kazi hiyo, kwa sababu siwezi kuzungushia kitu karatasi ambayo sijaisoma.

"Wewe," mwenye banda aliniuliza siku moja, "nilikuajiri kufunga twiga ama kuwasomea?"

Hivyo ndivyo nilivyokutana na ile riwaya. Haikuwa na jalada, sikujua jina lake wala aliyeiandika. Ilianza na kijana anayeshuka kwenye lango la shule ya bweni, sanduku kichwani. Nikasoma nimesimama. Nikasoma nimeketi. Dada wa nguzoni akanirushia maji.

"Kama ni tamu soma kwa sauti. Usile peke yako."

Nikasoma. Kitabu kilikuwa cha Kiswahili, kwa hivyo nilisoma kipande, nikakirudia kwa Ekegusii, lugha yetu, wakakijadili, nikaendelea. Baba wa kijana alikuwa mtengenezaji baiskeli kwenye njia panda. Lakini usiku wa kwanza bwenini, mvulana wa kitanda cha juu alipomuuliza baba yako anafanya nini, kijana akajibu: ni rubani. Hakupanga. Neno lilitoka lenyewe.

"Rubani!" dada wa nguzoni akapiga makofi. "Si angesema hata dereva!"

"Wewe ulimwambia mume wako una miaka mingapi?" akaulizwa.

"Hiyo ni siri ya serikali."

Uongo ukaendelea kukua, kama ujuavyo. Wakamtaka alete picha ya ndege. Wakamuuliza rubani anakula nini angani. Mimi sijawahi kulala bwenini, na nilisema hivyo tangu mwanzo, kwa hivyo mambo mengi ya kitabu kile ni wale wanawake walionifafanulia, maana walikuwa na watoto katika shule hizo. Nilipofika mahali ambapo kijana analia kwa sababu kufuli la sanduku lake limevunjwa, nikauliza kwani ndani kulikuwa na dhahabu? Misasa yote ikasimama.

"Hajui sanduku!"

"Momura, sanduku ndiyo nyumba ya mtoto," akasema mama wa karai kubwa. "Sukari yake iko humo, sabuni iko humo, kijiko kiko humo. Likivunjwa kila mtu anaona kwenu mko vipi."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Nikaona kwamba kila nikisoma habari za kijana yule, yeye hupunguza mwendo wa mkono ili maji yasipige kelele.

Siku moja aliniita nimsaidie kumwaga maji machafu, na tukiwa pale nyuma akaniambia. Binti yake alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni huko kwetu, juu ya Ekerenyo. Mume wake alikuwa Nakuru kwa kazi za ujenzi, na mama hakuwa amewahi kufika huko; mara hii alitaka kwenda mwenyewe. Lakini mtoto alikuwa amepiga simu kwa simu ya matroni. Alikuwa amesema: Mama, Jumapili ya wageni acha shangazi aje. Shangazi alifanya kazi ofisini, Kisii mjini. Alikuwa na koti na mkoba.

"Nikamuuliza kwa nini. Akasema, barabara ni mbali, utachoka." Akaitazama mikono yake. Unga wa jiwe huingia kwenye mikunjo ya ngozi na chini ya kucha, na hautoki hata ukisugua na mchanga. "Hiyo ilikuwa gundi. Nimemzaa mimi, namjua."

"Sasa utaenda?"

"Nataka kujua kwanza yule baba wa baiskeli alifanyaje. Maliza kitabu kabla ya Jumapili."

Nikasoma kwa bidii ambayo mwalimu wangu angelia kuiona. Tukafika siku ya wageni katika shule ya kijana. Tukamwona fundi wa baiskeli akinunua sanduku jipya, kwa sababu alisikia la zamani limevunjwa, akilifunga kwenye baiskeli yake, akipanda vilima, akifika langoni na mafuta ya mnyororo mikononi. Kijana yuko uwanjani na wenzake, wote wanamngoja rubani. Mlinzi anamtazama mzee juu mpaka chini. Kisha mlinzi anageuka na kupaza sauti kwa kijana: "Wewe! Njoo hapa. Huyu mzee anasema yeye ni"

Nikageuza ukurasa. Hapakuwa na ukurasa.

"Ni nani?" dada wa nguzoni akauliza. "Endelea. Anasema yeye ni nani?"

"Zimeisha. Karatasi zimeisha."

"Unaficha!"

"Tazama mwenyewe."

Wakaja wote, mikono ikidondoka maji, wakatazama uzi mtupu mahali ambapo kurasa zilikuwa zimenyofolewa. Wakanitazama na mimi. Nadhani waliamini kwamba mwisho ulikuwa mbaya nikaula. Nikatafuta la kufanya, na nikaliona lile rahisi.

"Naweza kuwaambia ilivyoisha," nikasema. "Habari kama hizi zinajulikana. Kijana atakimbia, atamkumbatia..."

"Hapana," akasema mama wa karai kubwa. Hakukasirika. "Ukibandika mwisho wako nitauona, momura. Si unajua kazi yangu?"

Hapo ndipo dada wa nguzoni alipogeuka akayatazama makasha. Yalikuwa yamepangwa ukutani, yamejaa, yakingoja lori la alasiri. Akasema polepole, "Karatasi za hiki kitabu. Nani alizitumia wiki iliyopita?"

"Ni mimi," nikasema. "Hizo za nyuma zilikuwa zimeachana. Nilifunga twiga."

Nimewahi kuona watu wakivuna, nimewahi kuona watu wakikimbilia lori la chai, lakini sijaona kazi ikifanywa haraka kama wanawake wale walivyofumua makasha. Twiga walitoka uchi mmoja mmoja wakawekwa kwenye nyasi. Kila karatasi ilinyooshwa kwenye goti na kuletwa kwangu. "Hii?" Hapana, hiyo ni hisabati. "Hii?" Hiyo ni tangazo la mazishi. "Hii ina neno bweni!" Ilikuwa ukurasa wa katikati ambao tayari tulikuwa tumeusoma kutoka kitabuni, kwa hivyo ulikuwa wa nakala nyingine, na hilo likawapa matumaini zaidi. Ndovu nao wakavuliwa.

Mwishoni mama mmoja akaniletea karatasi iliyokuwa imefungia kikombe. Nikasoma mstari wa kwanza, moyo ukaruka. Ilikuwa karatasi ya mwisho kabisa ya kitabu.

"Soma!"

"Ni maswali," nikasema. "Maswali ya marudio."

"Soma tu!"

Nikasoma. "Swali la kwanza. Eleza jinsi mzee alivyopokelewa langoni."

Kisha kicheko cha kuvunja vyungu kikaanza karibu na nguzo, kikasambaa mpaka wachongaji wakaja kuchungulia. Tulikuwa tumepata swali, jibu liko ng'ambo na twiga fulani.

"Swali la pili," nikaendelea, "Je, unadhani kijana alifanya vyema? Toa sababu. Swali la tatu. Kama ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Mwenye banda alitukuta hivyo. Alisimama na simu zake mbili, akatazama makasha matupu, twiga na ndovu wameenea nyasini kama wametoka mbugani kutembea.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akasoma nyuso zetu, akaona karatasi mkononi mwangu, na uso wake ukabadilika. Nadhani alitaka kuanza na matusi. Lakini alichosema ni hiki:

"Na yule mzee, aliingia?"

Kumbe alikuwa akitusikiliza siku zote nyuma ya ukuta wa stoo. Aliona haya kidogo, kisha akakumbuka lori na kutupigia kelele za kweli. Karatasi nyingi zilikuwa zimelowa kwa mikono yetu. Tukakimbia migombani, tukarudi na majani makavu, tukawafunga twiga kama bibi zetu walivyofunga kila kitu, na lori lilipofika tulikuwa tunapiga misumari ya mwisho. Mwenye banda alinung'unika mpaka jioni. Karatasi ya maswali mama wa karai kubwa aliikunja akaitia kifuani.

Ijumaa kabla ya jua kuzama aliniambia: "Ninaenda. Wewe ni mtu wa huko, utanionyesha njia. Na utabeba sufuria."

Sabato ilipoisha alichinja kuku. Jumapili asubuhi nilipofika kwake alikuwa ametoka ndani akiwa amevaa koti la wifi yake wa ofisini, la rangi ya bahari, lenye vifungo vikubwa. Mkoba pia alikuwa amepewa. Mikono alikuwa ameiloweka na kuipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, iling'aa, na kucha zilikuwa nyeupe vilevile.

"Naonekanaje?"

"Kama mtu wa benki."

"Linanibana makwapa," akasema.

Tukashuka Kisii mjini, tukabadilisha gari, tukapita Nyamira, na Ekerenyo tukachukua pikipiki. Alikaa upande, koti limevutwa magotini, mimi nyuma na sufuria ya kuku kifuani na chapati begani. Mwenye pikipiki alinijua.

"Umerudi na mali?" akanong'ona akitazama koti.

"Endesha."

Chai ilikuwa imetoka kuchumwa, vilima vimenyolewa sawasawa. Kwa kawaida nikipita pale huwa nasema sana. Siku hiyo nilihesabu kona tu, kwa sababu nilijua mama anafikiria nini. Langoni kulikuwa na mlinzi mwenye kofia ya sufu, na wanafunzi wawili waliowekwa hapo kwenda kuita wenzao. Mama alitaja jina la binti yake na kidato. Mlinzi akamtuma mwanafunzi mmoja, kisha akakumbuka kitu.

"Ngoja kwanza. Mama, amwambie ni nani amekuja?"

Nilihisi kama mtu amefungua ukurasa ule usoni mwangu. Mama akanitazama. Mimi niliyekuwa na mdomo peke yake nikaikumbatia sufuria. Angeweza kusema shangazi. Koti lilikuwa la shangazi, mkoba ulikuwa wa shangazi, mtoto alikuwa amewaambia wenzake shangazi. Ilikuwa rahisi kabisa, na jioni tungerudi nyumbani bila mtu kuaibika.

"Mwambie ni mama yake," akasema. Kisha, mwanafunzi alipoanza kukimbia, akaongeza kwa sauti: "Na umwambie kuna chapati!"

Sijui kama yule mwanafunzi alifikisha ujumbe wote. Naona hakufikisha, kwa sababu binti alitokea upande wa pili wa uwanja akiwa na wenzake wawili, akaliona koti la bahari kutoka mbali, na akaanza kuja akitabasamu, akiwaonyesha kwa kidole. Alikuja vizuri mpaka katikati ya uwanja. Hapo akauona uso.

Akapunguza mwendo. Akasimama. Wenzake wakampita hatua mbili, wakageuka kumngoja.

Mama hakumpungia mkono. Alifungua vifungo vile vikubwa kimoja kimoja, akavua koti, akalikunja, akanikabidhi mimi juu ya sufuria. Ndani alikuwa na blauzi yake ya kanisani, ile ya siku zote. Akaupangusa uso kwa kiganja, akabaki amesimama hivyo na mikono yake ile mbele. Mlinzi alitazama kando. Nikaona hata yeye anajua.

Binti akatembea. Hakutembea haraka. Alifika, akamwamkia mama yake kwa Ekegusii, kichwa chini, kisha akaliangalia koti mikononi mwangu.

"Umekuja na koti la shangazi."

"Alinipa. Linanibana."

"Hata yeye linambana," binti akasema, na mdomo ukamcheza upande. "Huwa hawezi kuinua mikono kanisani."

Mama akacheka. Nikajua hapo kwamba chapati hazitarudi nyumbani. Lakini wale wenzake walikuwa wamefika, mmoja mrefu, mwingine mwenye miwani, na yule mrefu akamtazama mama, akamtazama binti.

"Huyu ndiye shangazi wa ofisini?"

Binti akavuta pumzi. "Huyu ni mama."

"Si ulisema mamako yuko Nairobi? Si ulisema ni wa benki?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa hayuko Nairobi. Yuko hapa. Anasugua mawe Tabaka, yale ya twiga." Akaionyesha sufuria kwa kidole. "Mnataka chapati ama hamtaki?"

Yule wa miwani alikuwa ameketi nyasini kabla swali halijaisha. Yule mrefu alisimama kidogo, akasema anakuja, akaondoka kuelekea mabweni. Binti alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Ameenda kusambaza," akasema. "Leo watanisema mpaka nizimie."

"Wakikusema sana waambie mama yako anarudi muhula ujao," mama akasema. "Na hatavaa koti."

Tukafungua sufuria. Yule wa miwani alikula kama mtu anayesikiliza muziki. Alipofika paja akanigundua.

"Na huyu ni baba?"

Binti akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sijui ni nani."

Nimeulizwa swali hilo katika kila soko la Kisii na Nyamira, na huwa nina majibu mengi. Kabla sijachagua, mama akasema, mdomo umejaa: "Huyu ni wetu. Tunasugua naye. Ndiye hutusomea."

Nikainama kutafuta chumvi kwenye mfuko. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Baada ya kula, binti aliuchukua mkono wa mama yake, akachuma ujiti wa nyasi, akaanza kumtoa unga chini ya kucha, kidole kimoja baada ya kingine. Walizungumza mambo ya sukari na hisabati. Unga haukutoka. Hakuacha.

Jumatatu, kabla sijatua ndoo ya kwanza, dada wa nguzoni alikuwa ameanza. "Leteni habari!"

Mama wa karai kubwa hakuwa na haraka. Aliketi, akalowesha msasa, akachukua twiga. Kisha akatoa ile karatasi kifuani, akanipa. "Uliza kama ilivyoandikwa."

Nikasoma: "Eleza jinsi mzee alivyopokelewa langoni."

Akaeleza. Alieleza vizuri kuliko kitabu, akaweka mlinzi na kofia yake, akaniweka mimi na sufuria, akaliweka koti. Nyuma ya ukuta wa stoo simu mbili zilizimwa. Alipofika uwanjani sauti yake ikapanda.

"Akaniona. Mtoto wangu akaniona! Akakimbia, akakimbia uwanja wote, mpaka viatu..."

"Gundi!" dada wa nguzoni akapiga kelele, na wote wakainua misasa. "Hapo umebandika! Momura, wewe ulikuwepo. Alikimbia?"

Macho yote yakanigeukia. Mama alinitazama pia, na alikuwa anang'ang'ania kutocheka.

"Alitembea," nikasema. "Alisimama kwanza, halafu akatembea. Lakini alifika."

Misasa ikarudi majini.

"Alitembea haraka," mama akasema.

"Mama," nikamwonya.

"Haraka kidogo," akasema, akamchovya twiga wake, akamgeuza, akatafuta ufa. Halafu akanirushia maji, akaniambia karai limekauka na mimi nimesimama tu.